Mchunga: mboga chungu ya kando ya shamba, na mpaka wake kama dawa



Somo la robo hii limetokana na barua mbili zilizonifikia karibu wakati mmoja. Ya kwanza ilitoka kwa kamati ya mtaa mmoja wa eneo letu. Waliomba fedha za kununua mashine ndogo ya kusaga na mifuko ya kufungashia, ili akina mama wa kikundi wakaushe majani ya mchunga, wayasage na kuyauza kama dawa ya malaria, kisukari na tumbo. Ya pili ilitoka kwa rafiki yetu wa Ulaya aliyetutembelea wakati wa palizi. Aliwaona akina mama wakichuma mmea wenye maua ya njano na utomvu mweupe, akaambiwa kwamba unaliwa. Aliporudi kwao akaandika kwamba huko kuna mbaruti unaofanana kidogo na huo, mbegu zake huuzwa madukani kwa ajili ya ini, na kwamba yuko tayari kuchangia ikiwa tutaanzisha kitu cha namna hiyo.

Basi mwombaji alikuwepo na mtoaji alikuwepo. Kwa mratibu wa miradi hali hiyo haitokei mara nyingi, nami nakiri kwamba ilinichukua siku kadhaa kuandika majibu. Jibu langu ni hapana kwa unga wa dawa, na ndiyo kwa mboga. Kwa kuwa barua kama hizo zinaweza kuja tena kutoka mitaa mingine, nimeona ni bora maelezo yatolewe hapa, wote tuyasome pamoja.

MMEA WENYEWE NI UPI?

Mchunga ambao wengi wetu tunaujua, wataalamu wa mimea huuita Launaea cornuta. Neno hilo la pili ni la Kilatini na maana yake ni "yenye pembe". Unaota karibu kila mahali Tanzania, Kenya na Uganda. Pwani ndiko unakosifiwa zaidi. Wagiriama na Wadigo wa pwani ya Kenya huuita mutsunga, na Wasambaa wa Tanga huuita mshunga. Huku kwetu ukitamka "mchunga" mbele ya vijana, watakuuliza ni mchunga ng'ombe wa nani. Lakini mwonyeshe bibi yeyote jani lenyewe, atalitambua kabla hujamaliza swali.

Mchunga ni wa ukoo mmoja na alizeti, saladi na mbaruti wa Ulaya. Yule mgeni wetu hakukosea sana alipoona undugu. Mbaruti alioutaja kwenye barua una mabaka meupe kwenye majani na miiba mikali, na jina lake ni Silybum marianum. Huo ni mmea mwingine, na kilicho ndani ya mbegu zake hatuwezi kukidai kwa majani ya mchunga kwa sababu tu wana babu mmoja. Muhogo na manyara nao ni wa ukoo mmoja, na hakuna anayepika manyara.

Hapa Biblia yetu ya Kiswahili imechangia mkanganyiko kidogo, bila kosa la mtu. Katika Mathayo 7:16 Bwana anauliza kama watu huchuma tini kwenye mmea ambao watafsiri wa Biblia ya Muungano waliuita mibaruti. Kwa Kigiriki neno ni tribolos, na kutoka neno hilo wataalamu wa mimea walipata jina la mbigili, ile inayochoma miguu ya watoto na kutoboa matairi ya baiskeli. Kwa Waswahili wengi, tena, mbaruti si mbaruti wa Ulaya wala si mbigili. Ni gugu lililotoka Meksiko, lenye miiba na maua makubwa ya njano, jina lake la kitaalamu Argemone mexicana. Kwa hiyo mgeni akisema "mbaruti" na mkulima akisema "mbaruti", wanaweza kuitikiana kwa furaha huku kila mmoja ana mmea wake kichwani. Katika jambo la chakula, kuitikiana huko kunaweza kuua.

KUUTAMBUA

Sehemu hii naomba isomwe kwa sauti kwenye vikundi, tena mkiwa na mmea mkononi.

Mchunga huanza kama majani marefu membamba yaliyotandaza chini kwa duara. Yanaweza kufikia urefu wa kiganja au zaidi. Kingo zake mara nyingine ni nzima, mara nyingine zimekatwakatwa, na meno yake huelekea nyuma, kwenye shina. Baadaye hutoka shina lililosimama, lenye uwazi ndani, ambalo mahali pazuri hupita kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Pale jani linaposhikana na shina utaona masikio mawili yaliyochongoka yanayolikumbatia shina. Jani ni laini, halina miiba ya kuchoma. Maua ni madogo ya njano, na yakikauka hutoa mbegu zenye nywele nyeupe zinazopeperushwa na upepo. Ukivunja jani, maziwa meupe hutoka.

Mbaruti wa Meksiko nao una ua la njano, lakini ni kubwa, lenye petali chache pana kama karatasi nyembamba. Majani yake ni ya rangi ya kijivujivu cha kijani, yenye michirizi meupe kwenye mishipa, na yana miiba. Tunda lake ni kibumba chenye miiba, kimejaa mbegu nyeusi ndogo za duara. Ukiuvunja hutoa utomvu wa njano. Hapo ndipo pa kutazama kwanza: maziwa meupe au utomvu wa njano. Ukiona njano, tupa, nawa mikono, usijadiliane na mtu.

Mbegu za mbaruti huo zina sumu. Mwaka 1998 huko Delhi, India, mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya mbegu hizo yaliwaugua maelfu ya watu na kuwaua zaidi ya sitini. Walioathirika huharisha na kutapika, miguu huvimba, pumzi huwa fupi, na wengine huharibika macho au moyo. Sisi hatukamui mafuta ya haradali, lakini tunapura nafaka na ufuta chini, na mbaruti hupenda kuota kando ya barabara, kwenye mazizi ya zamani na mashamba yaliyochoka. Kama umeota karibu na mahali pa kupuria, ung'olewe kabla tunda halijakauka.

Maziwa meupe peke yake hayatoshi kuthibitisha kwamba mmea ni mchunga. Manyara tuliyozungushia maboma yetu, ambayo wengine huyaita mnyaa au utupa, nayo hutoa maziwa meupe, na kila mchungaji wa ng'ombe anajua yanavyofanya jicho. Yako pia magugu madogo ya jamii hiyo ndani ya mashamba. Kwa hiyo tazama mambo manne pamoja: maziwa meupe, jani laini lisilo na miiba, masikio yaliyochongoka yanayokumbatia shina, na ua dogo la njano lenye mbegu za kupeperuka. Likikosekana moja, usichume. Mtoto asitumwe kuchuma peke yake mpaka awe ameshaonyeshwa na mtu mzima zaidi ya mara moja.

Nyanda za baridi kama Usambara na Kilimanjaro kuna ndugu mwingine anayeliwa, Sonchus oleraceus, mlaini zaidi na asiye mchungu sana. Watu wetu waliohamia huko wakipika "mchunga" usiofanana na wa nyumbani, huenda ni huyo.

UNAPENDA NINI?

Mchunga unataka jua, na unataka udongo uliovurugwa. Hauoti vizuri chini ya kivuli kizito wala kwenye nyasi nene zilizoshikana. Ndiyo maana tunauona shambani, kwenye kingo za barabara, kwenye mitaro, pembeni mwa reli na kwenye kingo za mito. Reli hii ya kwenda Mwanza, iliyofika huko mwaka 1928, imekuwa ikiusaidia kwa miaka mingi. Kila mafundi wanapochimbua udongo pembeni mwa njia, mchunga hupata mahali pake.

Wakulima wetu hugawa udongo wa Usukuma kwa majina ambayo naona yanafaa kuliko ramani nyingi. Kwenye luseni, udongo wa kichanga wa juu, mchunga huota haraka mvua zikianza lakini huzeeka mapema na kuwa mchungu sana. Kwenye ibushi hupata rutuba na majani huwa mapana. Kwenye itogolo na ibambasi, udongo mgumu ambao jembe linalia, hutaukuta kwa wingi. Mbugani, kwenye udongo mweusi unaopasuka, maji yakituama huoza, ila kwenye kingo za mbuga na kando ya malambo unaweza kuukuta wa kijani hata mwezi Agosti, wakati mengine yote ni vumbi.

Nguvu yake iko chini ya ardhi. Mizizi yake hutambaa, na kila kipande kinachobaki baada ya jembe kupita kinaweza kuchipua upya. Mkulima anayedhani ameumaliza mchunga kwa kuulima mara moja mara nyingi ameugawanya tu. Majani yakifa kwa kiangazi mzizi hubaki hai, na mvua za kwanza za Novemba zikigusa ardhi, mchunga hutangulia mchicha uliopandwa, hutangulia majani ya kunde, hutangulia kila kitu tunachokiita mboga. Hapo ndipo ninapouthamini. Kuanzia Desemba hadi Februari ghala za kaya nyingi zimepungua, watu wanalima mchana kutwa, na ugali unaliwa na chochote kilichopo. Wiki hizo mboga iliyojipanda yenyewe ina uzito wake.

Kama unataka kuuotesha karibu na nyumba, chimba mizizi baada ya mvua kulainisha ardhi, kata vipande vya urefu wa kidole, na uvilaze kwenye udongo kwa kina cha vidole viwili. Viachanishe shubiri moja. Funika, mwagilia, weka samadi iliyooza kidogo. Maji ya kuoshea vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, yanatosha. Mbegu nazo huota, lakini upepo huzichukua kabla hujazikusanya, na mche wake huchelewa.

Onyo moja kwa wenye bidii: usiupande katikati ya shamba la mahindi wala pamba. Utakaa hapo kuliko wewe. Kwenye bustani ya kituo tulianza na tuta la wazi, na msimu uliofuata ulikuwa umeingia kwenye vitunguu. Sasa tunaupanda kwenye beseni lililotoboka, kwenye gunia lililojazwa udongo na samadi, au kwenye tuta lililozungushiwa matofali yaliyozikwa. Kata majani ya nje, acha kiini, yatarudi. Ukiona shina linataka kutoa ua, likate, maana baada ya maua majani hugeuka magumu na uchungu huzidi.

PAMBA NA PAMPU

Sisi ni watu wa pamba, na hapa pana hatari ambayo vitabu vingi vya mboga za asili haviitaji. Mchunga mzuri kuliko wote huota katikati ya mistari ya pamba, kwenye udongo uliopaliliwa vizuri. Mama anapalilia, anachuma, anafunga kwenye kanga, jioni anapika. Kama pampu haijaingia shambani msimu huu, hakuna neno. Lakini kuanzia siku dawa ya funza wa vitumba au ya vidukari inapopigwa, majani yote ya shamba hilo na ya kingo zake si chakula tena kwa msimu ule. Kuosha hakutoshi. Dawa nyingine hushika kwenye jani, na upepo huipeleka mbali kuliko mstari wa mwisho.

Mwenye shamba anajua siku aliyopiga dawa, lakini mchumaji mara nyingi ni mke wa jirani au mtoto wa ndugu. Tumependekeza kwa kamati kwamba anayepiga dawa afunge kitambaa chekundu kwenye mti wa mpakani na asikitoe hadi mavuno. Ni jambo dogo na halina gharama. Baadhi ya wanaume walilipinga wakisema wataonekana wanatangaza uchawi. Naomba wazee wa mitaa walizungumze tena.

Kama kijiji chenu kina ngitili, yaani malisho yaliyofungwa kwa mapumziko, kingo zake ni mahali salama zaidi pa kuchuma. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986, wakati Maswa ikiwa bado ndani ya mkoa huo, uliurudishia ngitili heshima yake, nazo zinatunza mengi zaidi ya majani ya ng'ombe.

JIKONI

Chuma majani machanga, kabla ya ua. Yaoshe yakiwa mazima, kisha uyakatekate. Uchungu uko kwenye yale maziwa meupe. Wapo wanaochemsha na kumwaga maji, mara moja au hata mara mbili. Uchungu hupungua kweli, lakini vitamini zinazoyeyuka kwenye maji nazo zinamwagwa. Ushauri wangu ni kuchemsha kwa muda mfupi, kumwaga mara moja tu kama familia haijazoea, na mwezi ujao kujaribu bila kumwaga. Watu wa pwani humaliza uchungu kwa tui la nazi. Sisi tuna karanga, na karanga zinafanya kazi hiyo hiyo.

Wanakikundi wetu wanavyopika: vikombe vinne vya mchunga uliokatwa huchanganywa na vikombe vinne vya majani ya kunde au mchicha. Kitunguu na nyanya mbili hukaangwa kwa mafuta kidogo, majani yakaingizwa na kufunikwa. Yakilegea, unga wa karanga zilizotwangwa uliokorogwa kwenye kikombe cha maji humiminwa, kisha mwiko hausimami mpaka mchuzi uwe mzito. Mwishoni, baada ya kuipua, hukamuliwa ndimu. Kwa mara ya kwanza weka mchunga robo tu na mboga nyingine robo tatu. Watoto hukataa uchungu kwa haki yao, wala wasilazimishwe kwa fimbo.

Ndimu na nyanya zina sababu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani hayaingii mwilini kwa urahisi kama ya nyama au dagaa, na vitamini C huyasaidia yaingie. Mafuta na karanga nazo husaidia mwili kupokea vitamini A. Chai ikinywewa pamoja na mlo hufanya kinyume chake kwa chuma, kwa hiyo isubiri. Mjamzito asiache vidonge vya madini chuma na foliki anavyopewa kliniki kwa sababu amekula mboga hii. Ale vyote viwili.

Kukausha tunakujua tangu zamani kwa nsansa za majani ya kunde na kwa michembe. Mchunga hukaushwa hivyo hivyo: chovya kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili tatu, chuja, tandaza kivulini penye upepo juu ya chekecheke au mkeka safi, tunza mahali pakavu. Jua kali huharibu vitamini A, ndiyo sababu nasisitiza kivuli. Mabaki mabichi wape sungura, watashukuru kuliko watoto.

NA DAWA JE?

Nimeacha hili mwisho kwa makusudi, maana ndilo lililoleta barua.

Ni kweli kwamba pwani na bara watu huchemsha mizizi na majani ya mchunga kwa homa, tumbo, minyoo na mengine mengi. Ni kweli pia kwamba watafiti, wakiwemo wa Kenya, wameuchunguza maabara na kwa panya, na baadhi ya matokeo yanatia moyo, kwa mfano kuhusu sukari kwenye damu. Lakini kinachomtuliza panya maabara si lazima kimponye mtoto wa Malampaka. Hatujui kipimo, na majani ya luseni hayafanani nguvu na ya ibushi. Unga wa mwezi Desemba na wa mwezi Mei ungekuwa dawa mbili tofauti ndani ya mfuko mmoja.

Nadhani kinachotudanganya ni ule uchungu. Kizazi changu kilikua kikimeza klorokwini, chungu hadi machozi, na homa ikishuka. Tukajifunza kwamba kichungu kinatibu malaria. Lakini klorokwini yenyewe iliachwa nchini mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, na uchungu wake ulikuwa ule ule. Leo kipimo cha malaria kinapatikana zahanati, na dawa ya mseto ndiyo inayotumika.

Mama mmoja wa kikundi kilichoomba mashine alinisimulia jambo mwenyewe, akaniruhusu niliandike. Mwanae alipata homa, akampa maji ya mchunga kwa siku tatu, kwa sababu mama mkwe wake alipona tumbo kwa maji hayo hayo. Siku ya nne mtoto alikuwa mweupe viganjani na anapumua kwa shida. Alifikishwa hospitali akaongezewa damu, na yuko hai, anasoma. "Siyo kwamba mchunga ulimdhuru, mratibu," aliniambia. "Ulinichelewesha." Nilimuuliza kama bado anataka mashine. Alinyamaza kidogo, akasema anataka kipato.

Kwa hiyo hapana. Unga ule ungenunuliwa na watu wanaoamini kwamba kitu kilichotoka kanisani ni cha kweli, na wengine wangeununua badala ya kupanda baiskeli kwenda zahanati. Mtoto mwenye homa apelekwe siku ile ile, isizidi saa 24. Mwenye kisukari au presha asiache vidonge, na akitaka kunywa maji ya mchunga amwambie mganga wa zahanati kwanza. Mjamzito asinywe maji mazito ya mizizi. Utomvu usiwekwe kamwe jichoni wala sikioni, hata kama bibi aliwahi kufanya hivyo. Tena kuna sheria: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga wa tiba asili na dawa zao. Kikundi cha usharika hakiwezi kuchapa neno "dawa" kwenye mfuko kwa sababu kina muhuri.

Wapo watakaosema ninadharau elimu ya wazee wetu. Wazee hao ndio waliotuonyesha kwamba mmea huu unaliwa, nami naula nyumbani kwangu kila wiki mvua zikinyesha. Anayekunywa kikombe cha mchuzi wake kwa tumbo lililochafuka, akiwa mtu mzima mwenye afya, sina ugomvi naye.

TUMEAMUA NINI

Kwa kamati iliyoandika: ombi la mashine halitapelekwa mbele. Badala yake tumekubaliana na kikundi kwamba watauza mchunga na majani ya kunde yaliyokaushwa kama mboga, kwenye mnada na sokoni, bila neno lolote la tiba. Mashine haihitajiki kwa hilo. Kinachohitajika ni chekecheke kumi za kukaushia na pipa la maji lenye mfuniko, na hayo yako ndani ya bajeti ndogo ya lishe.

Kwa rafiki yetu wa Ulaya: asante kwa moyo wako. Mboga hii imetugharimu kidogo mno kiasi kwamba naona aibu kuiandikia ombi. Kama mchango wako bado upo, zahanati moja ya eneo letu ina mizani ya watoto iliyoharibika, na akina mama hubeba watoto hadi kijiji cha pili kupimwa uzito. Nimekuandikia bei yake kwa barua tofauti.

Kwa sharika zote: mvua za kwanza zikinyesha Novemba, bustani ya kituo itagawa mizizi bure kwa kila mtaa, Jumamosi mbili mfululizo, kuanzia saa tatu asubuhi. Kila mtaa ulete watu wawili, mmoja awe mama anayepika na mmoja awe mwenye shamba la pamba. Njooni na gunia lililoloweshwa, maana mizizi hukauka njiani. Na kila mmoja abebe jani la mmea ambao kwao unaitwa mchunga, limefungwa peke yake kwenye karatasi. Tutayavunja mbele ya watu wote na kutazama rangi ya utomvu kabla ya kugawa chochote.